Kupunguza uzito wa Perucetus: shajara ya jedwali la nyangumi wa kale

Mradi wenyewe ni bango moja la darasani. Linaonyesha nyangumi waliotoweka, wote wamechorwa kwa skeli moja, na kando ya kila mmoja pameandikwa urefu wake, uzito wake na sababu ya kuuamini uzito huo. Yote kwa Kiswahili. Skeli ni 1 kwa 50, kwa hiyo nyangumi bluu wa mita 30 anachukua sentimita 60 za karatasi, na Tutcetus wa Misri, aliyekuwa na urefu wa mita 2.5 hivi, anatosha kwenye sentimita 5. Nyuma ya bango kuna lahajedwali lenye hesabu zote. Shajara hii naiandika kila lahajedwali linapobadilika, ili mtu yeyote atakayeipokea kazi aone tarakimu ilitoka wapi na kwa nini ilibadilishwa.

Agosti 2023

Tarehe 2 mwezi huu jarida la Nature limechapisha maelezo ya nyangumi mpya wa kale, Perucetus colossus, na safu ya juu kabisa ya jedwali imebidi ifunguliwe upya. Utafiti umeongozwa na Eli Amson wa Stuttgart na Giovanni Bianucci wa Pisa. Aliyeiona mifupa kwanza ni Mario Urbina, katika jangwa la Ica kusini mwa Peru, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Miaka yote hiyo imeliwa na kazi ya kuichomoa kwenye mwamba na kuifikisha Lima, kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili ya Chuo Kikuu cha San Marcos. Ukisoma uzito wa pingili moja tu ya uti wa mgongo, zaidi ya kilo 100, unaelewa kwa nini haikuwa kazi ya msimu mmoja.

Kilichopatikana ni pingili 13, mbavu 4 na mfupa wa nyonga. Fuvu halipo. Hakuna hata jino. Mwamba una umri wa miaka milioni 39 hivi, na mnyama mwenyewe ni wa ukoo wa Basilosaurus, nyangumi wa mwanzo waliokwisha kuhamia majini moja kwa moja lakini bado walibakiza vijiguu vidogo vya nyuma.

Jambo lililonifanya nisome makala yote kwa mkao mmoja ni hali ya mifupa yenyewe. Imenenepa kwa nje, na kwa ndani imejaa. Mfupa wa kawaida wa nyangumi wa leo ndani yake ni matundu matundu yaliyojaa mafuta. Huu wa Perucetus ni mzito na mgumu hadi katikati.

Makadirio ya uzito yamepitia hatua mbili. Kwanza wamekikamilisha kiunzi: wamepima mifupa iliyopo, kisha wakajazia iliyokosekana kwa kumtazama ndugu yake, Cynthiacetus peruvianus, ambaye naye ametoka Peru na kiunzi chake kimepatikana karibu chote. Hapo wamepata urefu wa mita 17 hadi 20 na kiunzi chenye uzito wa tani 5.3 hadi 7.6. Hiyo ni mara mbili hadi tatu ya kiunzi cha nyangumi bluu wa mita 25. Hatua ya pili wamechukua uwiano wa mifupa na mwili kwa wanyama wa baharini walio hai, wakautumia kupanda kutoka kwenye kiunzi hadi kwenye mwili mzima. Matokeo ni tani 85 hadi 340.

Magazeti yamechukua 340. Kwenye jedwali nimeandika zote mbili, 85–340, kwa herufi za ukubwa sawa, na sentensi ya "mnyama mzito kuliko wote waliowahi kuishi" sijaiweka. Waandishi wenyewe wametoa upana ambao ncha yake ya juu ni mara nne ya ncha ya chini. Mwanafunzi ana haki ya kuuona upana huo wote.

Septemba 2023

Fundi anayechora bango (kazi yake ya kila siku ni mabango ya maduka hapa Tanga) amerudisha karatasi ya Perucetus ikiwa na mstari mmoja tu, wa mgongo.

"Mwalimu, urefu umenipa. Unene je?"

Nikamwambia uzito si umeandikwa hapo, fundi.

"Tani sizichori mimi. Nipe mita."

Swali hilo ndilo limeongoza kazi ya mwezi mzima, na nadhani litaongoza mradi wote. Uzito wa mnyama hauwezi kukaa hewani. Lazima uingie ndani ya umbo, na umbo likichorwa, macho yanaanza kuhukumu.

Hesabu niliyoiweka kwenye lahajedwali ni nyepesi. Mwili wa mnyama wa baharini una densiti iliyo karibu na ya maji, kwa hiyo tani moja ni takriban mita moja ya ujazo. Ukigawa ujazo kwa urefu unapata wastani wa eneo la mkato, yaani ukubwa wa uso ambao ungeuona kama ungemkata mnyama kama pipa. Ila nyangumi si pipa. Anachongoka mbele na nyuma. Nimechukua kwamba mwili wake unajaza asilimia 60 ya pipa lenye unene wake wa katikati. Hilo ni dhana yangu, liko kwenye seli yake peke yake, na yeyote anaweza kulibadilisha.

Tani 340 kwa mita 20: wastani wa mkato ni mita 17 za mraba, na unene wa katikati unafika mita 6. Hicho ni kimo cha nyumba ya ghorofa moja, kwa mnyama ambaye urefu wake ni mita 20 tu. Unene unakuwa karibu theluthi moja ya urefu.

Tani 85 kwa mita 17: unene wa mita 3.3 hivi, sawa na sehemu moja ya tano ya urefu. Huyu anachorika.

Kisha nikampitisha nyangumi bluu kwenye seli zilezile ili kuona kama hesabu inatoa kitu cha kuaminika. Nilimchukua jike aliyevuliwa na meli za Kisovyeti bahari ya kusini mwaka 1947, mita 27.6, tani 190. Unene unatoka mita 3.8, sehemu moja ya saba ya urefu. Nyangumi bluu kwa maumbile ni mwembamba na mrefu, kwa hiyo jibu hilo linakaa sawa.

Fundi nimempa vivuli viwili vya Perucetus, cha tani 85 na cha tani 340. Amevichora vyote, amevitundika ukutani kwake, na mteja aliyefuata bango la duka la simu ameuliza yule mnene ni kiboko wa aina gani.

Oktoba 2023

Mwezi huu haukuwa wa tarakimu. Nimekuwa nikijaribu kuelewa mfupa mzito unamfaidisha nini mnyama wa baharini, kwa sababu bila hilo siwezi kuandika mistari mitatu ya maelezo chini ya picha.

Jibu lililo karibu nasi ni nguva. Nguva wa pwani hii, wale wachache waliobaki Rufiji na Kilwa na visiwa vya Lamu, wana mifupa ya namna hiyohiyo: mbavu nene, zilizojaa, bila uboho wa kutajika katikati. Nilimwendea mzee mmoja jirani aliyevua Rufiji ujanani, nikampigia shikamoo, nikamuuliza kama aliwahi kuushika ubavu wa nguva. Akasema waliwahi kunasa mmoja kwenye jarife zamani, kabla watu hawajaanza kuambiwa ni marufuku. "Ule ubavu, mwanangu, ukiudondosha majini hauchezi. Unakwenda chini moja kwa moja."

Nguva anakula nyasi za baharini kwenye maji ya kina kifupi. Mapafu yake yamejaa hewa, mwili una mafuta, na vyote viwili vinamvuta juu. Mbavu nzito zinamrudisha chini, na hapo anaweza kutulia sakafuni akila bila kupigana na maji. Amson na wenzake wanaiona Perucetus kwa jicho hilo: mnyama wa maji ya karibu na pwani, anayekwenda polepole, anayekaa karibu na sakafu. Alikula nini hatuwezi kusoma popote, maana kichwa hakipo. Wametaja uwezekano kwamba alikula vya sakafuni, au mizoga.

Lakini hapo ndipo nilipoanza kusitasita kuhusu hatua ya pili ya makadirio. Kama mifupa iliongezwa uzito ili kusawazisha hewa na mafuta, basi mfupa mzito ni kifaa cha mizani. Hauthibitishi peke yake kwamba nyama iliyoufunika nayo iliongezeka kwa kiwango hichohicho. Nimeligawa upya: kiunzi chepesi kwa mwili mwepesi, 5.3 kwa 85, ni asilimia 6 na kitu. Kiunzi kizito kwa mwili mzito, 7.6 kwa 340, ni asilimia 2 na kidogo. Mnyama mwenye mifupa iliyojaa kuliko yeyote tunayemjua angepewaje asilimia 2? Nimeliandika swali hilo kwenye safu ya maelezo, na kivuli cha tani 340 nimekitia mstari wa nukta badala ya mstari mzima.

Machi 2024

Majibu yamekuja. Mwishoni mwa Februari Ryosuke Motani wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na Nicholas Pyenson wa makumbusho ya Smithsonian wamechapisha katika jarida la PeerJ uchunguzi mzima kuhusu uzito wa Perucetus. Nimeusoma polepole, sehemu kwa sehemu, nikiwa na lahajedwali pembeni.

Wanaanza na swali la fundi wangu. Wanachukua uzito uliotangazwa na kujaribu kuuingiza ndani ya mchoro wa mwili. Motani alikuwa ameshatengeneza programu ya kukadiria ujazo wa wanyama wa baharini kwa kutumia vivuli viwili, cha ubavuni na cha juu, na mikato inayobadilishwa kutoka duara kuelekea mraba uliolainishwa pembe. Wanyama walio hai wanapitishwa humo kwanza ili kujua programu inakosea kwa kiasi gani. Perucetus wa mita 17 akipewa tani 180, kiwango cha katikati ya makadirio ya 2023, haingii. Ama anageuka puto, ama densiti yake inakuwa kubwa kiasi kwamba angelazimika kuogelea bila kupumzika ili asikae chini.

Nimejaribu la pili mwenyewe. Mwili wa mita 17 wenye umbo la kawaida la nyangumi una ujazo wa mita 65 hivi za ujazo. Tia humo tani 180 na densiti inakaribia mara tatu ya maji. Hiyo ni densiti ya mawe. Mnyama anayepumua hewa angepandaje kuvuta pumzi?

Kisha wanakwenda kwenye uwiano wa mifupa na mwili. Makadirio ya kwanza yalichukua kwamba kiunzi kikiongezeka mara mbili, mwili nao unaongezeka mara mbili. Motani na Pyenson wanaipima dhana hiyo kwa data za wanyama walio hai, na inalegea, hasa unapoivuta hadi nje kabisa ya ukubwa wa wanyama waliopimwa. Hoja ya tatu ni ileile iliyonikaa tangu Oktoba: mifupa iliyonenepeshwa haiwezi kutumika kama mifupa ya kawaida kukisia nyama. Wanaongeza pia suala la chakula, kwamba bahari za zama za Eosini, zama alizoishi Perucetus, zilipaswa kumlisha mnyama huyo, na kuna mipaka ya mwili ambayo nyangumi wa leo hawaivuki.

Matokeo: tani 60 hadi 70 kama urefu ni mita 17. Tani 98 hadi 114 kama urefu ni mita 20.

Hapa ningependa kila mwalimu atakayelitumia bango asimame kidogo na wanafunzi wake, maana kuna hesabu ya darasa la sekondari imejificha. Gawa 20 kwa 17. Chukua jibu ulizidishe kwa lenyewe mara tatu, yaani kipeo cha tatu. Unapata 1.63. Sasa zidisha 60 kwa 1.63: tani 98. Zidisha 70: tani 114. Jozi mbili za tarakimu zilizoonekana kama matokeo mawili tofauti ni mnyama yuleyule, umbo lilelile, aliyerefushwa kwa mita 3. Urefu ukiongezeka kwa chini ya asilimia 18, uzito umepanda kwa zaidi ya asilimia 60. Nilipoiona hiyo nilikaa nayo muda mrefu. Kumbe sehemu kubwa ya mabishano ya tani ni mabishano ya mita, na mita zinategemea mnyama huyu alikuwa na pingili ngapi kwa jumla na jinsi zilivyopungua ukubwa kuelekea mkiani, wakati sisi tunazo 13.

Kwenye seli zangu: tani 65 kwa mita 17 inatoa unene wa mita 2.8 au 2.9. Tani 106 kwa mita 20 inatoa kama mita 3.4. Vyote viwili fundi amevichora bila kuuliza.

Na asilimia ya mifupa? Kiunzi cha tani 5.3 ndani ya mwili wa tani 65 ni asilimia 8. Kwa mnyama mwenye mbavu zilizojaa, naiona hii ina mantiki zaidi kuliko asilimia 2.

Mabadiliko kwenye jedwali: safu ya uzito wa Perucetus sasa ina mistari miwili, wa 2023 na wa 2024, kila mmoja na urefu unaoambatana nao. Sijaufuta wa kwanza. Waandishi wa 2023 ndio waliochimba, waliopima mfupa kwa mfupa na waliotoboa kuona ndani yake, na kila anayewasahihisha anasimama juu ya vipimo vyao.

Aprili 2024

Safu ya nyangumi bluu nayo imefunguliwa, jambo ambalo sikulitarajia. Ndani ya makala ileile Motani na Pyenson wamekadiria upya nyangumi bluu wakubwa kabisa waliowahi kupimwa urefu, na kupata tani 270 hivi. Kwa hiyo Perucetus ameshuka na bluu amepanda, wakati jedwali langu lilikuwa limemchukulia bluu kama kipimo kisichotikisika.

Hakuna mizani ya kumpandisha nyangumi bluu mzima. Waliopimwa walipimwa vituoni na kwenye meli za wavuvi wa nyangumi, wakiwa wamekatwa vipande: shahamu, nyama, mifupa, ndimi, matumbo, kipande kwa kipande. Damu na majimaji yaliyomwagika yanabidi kuongezwa kwa makisio. Na wale warefu kabisa mara nyingi hawakupimwa uzito, wamebaki na urefu tu kwenye madaftari. Jike wa Grytviken, kisiwa cha South Georgia, mwaka 1909 ameandikwa mita 33 na nusu, lakini namna ya kupima urefu wakati ule haikuwa moja kwa kila kituo, na wataalamu wengi wanaishia karibu na mita 30.

Nimeandika hivi kwenye bango: "Aliyepimwa kwa vipande: tani 190. Aliyekadiriwa kwa urefu: hadi tani 270." Mwalimu mwenzangu wa sayansi anaona maneno yamezidi kwa bango. Mimi naona hayo ndiyo maneno yanayostahili nafasi kuliko mapambo ya mawimbi pembeni, na mawimbi nimemwambia fundi ayatoe.

Juni 2024

Mambo madogo mawili, na moja ambalo si dogo.

Livyatan ameingia. Nyangumi huyu mwenye meno alielezwa mwaka 2010, naye ni wa Ica, lakini wa zama za baadaye sana kuliko Perucetus. Ni kinyume cha Perucetus kwa kilichobaki: tuna fuvu kubwa na meno ya sentimita 36, mwili hatuna. Urefu wake umeandikwa mita 13.5 hadi 17.5 kwa sababu inategemea unamlinganisha na ndugu gani, nyangumi mdogo wa kale aitwaye Zygophyseter au nyangumi spemu wa leo. Nimechora vivuli viwili, kichwa kilekile.

Nyangumi wa Loperot ameingia pia, ingawa si jitu. Mfupa wa mdomo wake uliokotwa mwaka 1964 magharibi mwa Ziwa Turkana, Kenya, ukapelekwa Marekani, ukapotea kwenye makabati kwa miaka mingi, ukaonekana tena 2011. Ana miaka milioni 17 na urefu wa mita 7 hivi. Aliingia bara kwa mto mkubwa akafia mamia ya kilomita kutoka pwani, na leo mahali pale pako mita 620 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana wanajiolojia walimtumia mwaka 2015 kupima Afrika Mashariki imeinuka kiasi gani. Bango la Kiswahili la nyangumi wa kale bila huyu lisingekuwa kamili.

Lisilo dogo: nimeandika ukurasa wa nyongeza kwa walimu kuhusu dinosaria wa Tendaguru, Lindi, kwa sababu historia yake ya uzito inafanana na hii na wanafunzi wa Tanzania wanalijua jina. Kiunzi kile kirefu kilichoko Berlin, Giraffatitan, kilichimbwa kati ya 1909 na 1913. Mwaka 1962 Edwin Colbert alitumia kielelezo kidogo cha mnyama akapata tani 78. Mwaka 1995 timu ya Hanns-Christian Gunga ikapata 74. Gunga na wenzake walewale waliporudi mwaka 2008 na umbo lililopimwa vizuri zaidi wakapata 38. Mwaka 2009 Mike Taylor akapata 23. Mifupa haikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni nyama waliyoivika: kifua kilisinyaa, shingo ikajazwa hewa, mkia ukapungua.

Hapo hapo nimeongeza kisa cha Albert Koch, kwa sababu kinahusu pingili za ukoo huuhuu. Mwaka 1845 aliunganisha mifupa ya Basilosaurus kutoka Alabama, ya zaidi ya mnyama mmoja, akatengeneza nyoka wa baharini wa mita 35 na kumwonyesha New York kwa kiingilio. Jeffries Wyman akaichunguza mifupa na kuonyesha kwamba ni ya mamalia na kwamba haikutoka kwa mnyama mmoja. Basilosaurus halisi hafiki hata mita 20. Kwa hiyo swali la "pingili ngapi" lina umri wa karibu miaka 180.

2025

Makadirio mengine. Gregory Paul na Asier Larramendi wamechapisha katika jarida la Palaeontologia Electronica, na wamekata zaidi: Perucetus wa mita 15 hadi 16, tani 35 hadi 40. Nyangumi bluu naye wanamrudisha chini. Kwao zile tani 270 ni nyingi mno.

Nimeipitisha kwenye seli. Tani 37 na nusu kwa mita 15 na nusu: unene wa mita 2.3. Sehemu moja ya saba ya urefu, uwiano uleule niliopata kwa nyangumi bluu wa 1947. Mnyama huyu ana mwili mwembamba kama ndugu zake wa ukoo wa Basilosaurus, na mifupa yake mizito inakuwa mzigo mkubwa zaidi ndani ya mwili mdogo. Je, angeelea? Hapo ndipo sasa ninapotaka kuona watu wakifanya hesabu: hewa ya mapafu kiasi gani, shahamu nene kiasi gani, ili kiunzi hicho kisawazike. Ukijua mapafu yanaweza kubeba nini, unapata kikomo kingine cha uzito ambacho hakitegemei uwiano wa kukisia.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili ameniuliza kama Perucetus "ameshashindwa". Nimemjibu hivi, na jibu hilo nimeliingiza kwenye ukurasa wa walimu. Mwaka 2017 Graham Slater, Jeremy Goldbogen na Pyenson walionyesha kwamba ukubwa wa kupindukia wa nyangumi wanaochuja chakula ni jambo la karibuni, la miaka milioni chache tu iliyopita. Perucetus ni wa miaka milioni 39. Hata ukichukua makadirio ya chini kabisa, tani 35, hapo una mnyama wa uzito wa nyangumi nundu mkubwa, kama wale wanaopita Watamu na Zanzibar kati ya Julai na Septemba, katika zama ambazo nyangumi walikuwa bado wana miguu ya nyuma. Na amebeba kiunzi ambacho hakuna mnyama wa leo anacho. Hilo halikupunguzwa na mtu yeyote.

Hali ya jedwali hadi sasa:

Perucetus ana mistari mitatu (2023: tani 85–340 kwa mita 17–20, 2024: tani 60–70 kwa mita 17, au 98–114 kwa mita 20, 2025: tani 35–40 kwa mita 15–16). Vivuli vyake vitatu vimepangwa kimoja juu ya kingine, pingili 13 zimetiwa rangi nyeusi mahali pake, na sehemu zote zisizopatikana zimeachwa nyeupe. Fundi ndiye aliyependekeza nyeupe. Ukilitazama bango ukiwa mbali unaona nyeupe nyingi sana, na mnyama anapendeza hivyohivyo.

Nyangumi bluu ana mistari miwili, na wa pili una alama ya swali hadi nitakapomaliza kulinganisha hoja za Paul na Larramendi na zile za Motani na Pyenson kuhusu umbo la mwili wake.

Tutcetus, mdogo kuliko wote wa ukoo huo, kilo 187, amebaki alivyo kwenye sentimita 5 zake. Fundi amemsogeza chini ya tumbo la Perucetus ili watoto wasimkose.

Bado: safu ya Basilosaurus isis wa Wadi al-Hitan, Misri, ina urefu lakini uzito wake nataka niupitishe kwenye mikato badala ya kunakili. Michoro ya mifupa ninayo, pingili zake ndefu zinahitaji mikato mingi zaidi kuelekea mkiani kuliko niliyotumia kwa Perucetus, na ile dhana ya asilimia 60 haitamfaa mnyama mrefu namna ile. Seli hiyo ndiyo ya kwanza kubadilishwa.